Kurekebisha DD 214 ukiwa Mombasa: shajara ya faili moja

6 Machi 2023: faili lilivyo leo

Mwenye faili alikuwa dereva wa malori katika jeshi la nchi kavu la Marekani, fani ya 88M. Alitoka kwa heshima mwaka 2009 na sasa anaishi Kisauni. Cheti chake cha kuagwa jeshini, DD 214, kina kasoro ambazo madereva wengi wa jeshi hilo waliowekwa Kuwait wanazo.

Kisanduku cha 18 kinasema alihudumu Kuwait kuanzia Agosti 2006 hadi Agosti 2007. Iraki haikutajwa hata mara moja, ilhali kazi yenyewe ilikuwa kuvusha misafara mpakani na kuifikisha kambi za Iraki: Cedar II, Scania, na mara nyingine Anaconda kule Balad. Kwa kuwa kisanduku cha 18 kinasema Kuwait, kisanduku cha 13 kikafuata mkondo huohuo: amepewa medali ya jumla ya vita dhidi ya ugaidi nje ya Marekani (GWOT-EM kwa kifupi chao) badala ya medali ya kampeni ya Iraki (ICM). Beji ya mapambano, CAB, haipo kabisa, ingawa msafara wake ulipigwa na bomu la kutegwa barabarani. Pia anataka jina alilochukua alipopata uraia liandikwe kwenye cheti.

La jina tumeliondoa leoleo. DD 214 hubeba jina ulilotumikia nalo. Kosa la herufi hurekebishwa, lakini jina jipya la baada ya jeshi ni habari nyingine, na kulichanganya na maombi ya medali ni kulemaza faili zima. Nakala ya hati ya uraia inatosha kuonyesha kwamba majina mawili ni mtu mmoja.

Sharti la kawaida la ICM: siku 30 mfululizo ndani ya Iraki, au siku 60 zisizofuatana, kati ya 19 Machi 2003 na 31 Desemba 2011. Dereva aliyekuwa akilala Kuwait hawezi kupata 30 mfululizo. Kwa hiyo tunadai 60, na kila siku lazima iwe na karatasi.

20 Machi 2023: kuomba nakala

DD 214 aliyokuwa nayo ni nakala ya Member-1, ile fupi. Haionyeshi aina ya kuachwa kazi wala sababu yake. Ofisi zote zinataka Member-4, nakala kamili. Ukifungua faili lako kwa Member-1 utaombwa nyingine baada ya miezi, kwa hiyo itafute kwanza.

Njia ya mtandaoni, eVetRecs, ilikwama kwenye uthibitisho wa kitambulisho: namba ya simu ya Kenya na anwani ya Kisauni hazikupita. Tukarudi kwenye karatasi, fomu SF 180, kwenda kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Haina ada kwa askari mwenyewe. Mambo matatu yanayoharibu fomu hii:

Usipotaja unachotaka, utaletewa DD 214 tupu. Andika kwamba unataka faili zima la utumishi, lile wanaloliita OMPF: amri za uhamisho, tathmini, vyeti vya tuzo.

Sahihi na tarehe visizidi mwaka mmoja. Fomu iliyosainiwa zamani ikakaa kabatini haifai kitu.

Karatasi ya Marekani ni milimita 216 kwa 279, A4 yetu ni 210 kwa 297. Saiba nyingi huchapisha kwa ukubwa halisi, na pembeni hukatika milimita kadhaa. Mwambie kijana wa saiba aipunguze ienee ukurasa, na ukague mistari ya pembeni kabla ya kulipa.

Tahadhari ya ziada, na hii tunaisisitiza kwa sababu ndiyo desturi ya mji huu: usitume fomu kwenye WhatsApp ya saiba ili wakuchapishie. Namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani itabaki kwenye simu ya mtu usiyemjua. Beba kwenye flashi, fungua mwenyewe, chapisha, ondoka nayo.

Gharama: kuchapisha na kuskani Sh 280, EMS kutoka Posta ya Digo Road Sh 4,100. Faksi ya mtandaoni ingekuwa nafuu zaidi.

19 Juni 2023: kilichofika, na ambacho hakikufika

Faili la utumishi limekuja. Ndani yake kuna mkataba wa kujiunga, amri ya kupelekwa vitani, tathmini mbili na cheti cha tuzo ya pongezi (ARCOM) chenye namba ya amri.

Furaha ilikuwa ya muda mfupi. Amri ya kupelekwa inasema Kuwait, kwa ajili ya operesheni ya Iraki. Cheti cha ARCOM nacho kinataja operesheni hiyo. Hilo ni jina la operesheni, si mahali, na aliyekuwa akipakua makontena Kuwait mwaka mzima bila kuvuka mpaka angekuwa na maneno yaleyale kwenye cheti chake. Watu wengi huwasilisha karatasi hizi wakidhani kesi imekwisha.

Tathmini moja ina sentensi ya maana: inataja misafara ya usiku kwenye barabara kuu ya Tampa. Barabara hiyo iko Iraki. Haitaji siku, lakini imewekwa kwenye rundo la ushahidi.

Hakuna hata karatasi moja ya matibabu. Tulitarajia hivyo: kwa walioacha jeshi la nchi kavu kati ya mwishoni mwa 1992 na mwisho wa 2013, rekodi za matibabu hazikuenda St. Louis bali idara ya maveterani, VA. Ni ombi la pili, ofisi ya pili. Fomu ni VA 20-10206, na tumeomba faili zima la madai pamoja na rekodi za matibabu za jeshini.

3 Julai 2023: hati za mshahara

Wakati VA wanatafuta, tulijaribu hati za mshahara. Zilikuwa kwenye boksi la kadibodi tangu 2009. Chumvi ya bahari na fukuto la Kisauni vimefanya kazi yake: pini zimekula kutu, kurasa zimegandana, na risiti zilizochapishwa kwa joto zimekuwa nyeupe. Zilizogandana zisichanwe kwa kucha. Ziweke chini ya feni siku nzima, kisha pitisha ukingo wa kadi ya plastiki kutoka pembeni. Kutu toa kwa kukunjua pini, usiivute. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, hata kama karatasi ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu mihuri iliyofifia huonekana kwenye rangi tu.

Hati zinaonyesha posho ya hatari ya dola 225 kila mwezi, na msamaha wa kodi wa eneo la vita. Zinaonekana nzito, lakini kwa kesi hii hazisaidii. Miaka hiyo Kuwait nayo ilikuwa kwenye orodha ya posho hiyo na kwenye eneo la msamaha wa kodi. Posho haitenganishi Kuwait na Iraki. Kwa aliyepangiwa Ujerumani kisha akapelekwa Iraki, hati hizi ni dhahabu. Kwa dereva wa Kuwait hazithibitishi chochote kuhusu mpaka. Tumeziweka nyuma kabisa ya faili.

28 Agosti 2023: ombi la kwanza limerudi

Barua ilikwenda kamandi ya rasilimali watu ya jeshi (HRC) iliyoko Fort Knox, Kentucky, tawi la tuzo. Imerudi bila kushughulikiwa, na sababu zote mbili ni za haki.

Kwanza, ushahidi hauonyeshi siku. Pili, barua iliomba ICM *iongezwe*. Kanuni hairuhusu ICM na GWOT-EM kwa kipindi kilekile cha utumishi. Ukiomba ICM bila kusema GWOT-EM iondolewe, ombi lako linajipinga. Maneno sahihi ni mawili kwa pamoja: ondoa GWOT-EM, weka ICM. Mwenye faili hakupenda kusikia kwamba atapoteza medali moja, lakini hapotezi, anabadilishiwa.

Tuliamua pia kuitoa CAB kwenye ombi hili. ICM inahitaji hesabu ya siku. CAB inahitaji tukio moja na walioliona. Ushahidi ni wa aina mbili, na ukivichanganya, udhaifu wa kimoja unakichafua kingine.

2 Novemba 2023: DD 2796

Faili la VA limefika, na ndani yake kuna karatasi ambayo ingetupunguzia miezi kama ingeombwa siku ya kwanza.

Kila askari anaporudi kutoka vitani hujaza fomu ya afya, DD 2796. Inamwuliza alikuwa nchi gani, na mhudumu wa afya huipitia na kuisaini. Ilijazwa 2007, wakati hakuna aliyekuwa anafikiria medali. Mwenye faili aliandika Kuwait na Iraki. Kwa nini ina nguvu? Kwa sababu ni ya wakati uleule, imesainiwa na mtu wa tatu, na haikuandikwa kwa ajili ya kudai kitu. Maelezo yanayoandikwa leo hayawezi kuwa na sifa hizo.

Haisemi siku 60. Inasema tu kwamba alivuka. Ndiyo sababu tulihitaji vyote viwili, mahali kutoka fomu hii na siku kutoka kwingine.

Ukianza faili kama hili leo, tuma SF 180 na VA 20-10206 siku moja.

15 Januari 2024: mashahidi na kiapo

Aliyekuwa kamanda wa kampuni amepatikana kupitia kundi la mtandaoni la kikosi, pamoja na dereva mwenza. Wote wako Marekani. Kamanda ana daftari lake la misafara.

Barua yake ya kwanza ilikuwa nzuri kusoma na haina faida: askari hodari, mwaminifu, alivuka Iraki mara nyingi. "Mara nyingi" haihesabiki. Tulimrudishia na maswali: cheo chako kipindi kile kilikuwa kipi, unajuaje, msafara upi, ulivuka tarehe gani, ukarudi tarehe gani, mlilala wapi. Barua ya pili ina kurasa mbili na orodha.

Kutoka hapo tukaunda jedwali la safu nne: siku ya kuvuka mpaka, siku ya kurudi, kambi walizolala, chanzo cha habari. Kila mstari una chanzo kimoja angalau. Misafara iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya mtu tu, bila maandishi, haikuingia. Jumla imefika siku 83. Kama ingekuwa 61 tungeendelea kutafuta, kwa sababu msomaji wa Fort Knox akifuta msafara mmoja asioridhika nao, 61 inakufa.

Sasa kiapo. Mwenye faili alikuwa ameshaandikiwa hati ya kiapo kwa wakili wa Nkrumah Road, Sh 1,500, na muhuri wa kamishna wa viapo. Si kosa, ila si lazima. Wengine huenda mbali zaidi: SGR hadi Nairobi (Sh 1,500 daraja la kawaida tangu mwezi huu), ubalozini dola 50 kwa kila muhuri, kisha kurudi. Sheria ya Marekani, 28 U.S.C. 1746, inaruhusu tamko lisilo na kiapo, na kwa aliye nje ya Marekani inatosha kumalizia maelezo kwa sentensi hii kama ilivyo, kwa Kiingereza:

*I declare under penalty of perjury under the laws of the United States of America that the foregoing is true and correct. Executed on* (tarehe, kisha sahihi).

Maneno "under the laws of the United States of America" ndiyo yanayolifanya tamko la kutoka Mombasa lisimame. Mwenza aliyeko Texas halazimiki kuyaweka. Wewe uliyeko Kisauni usiyaache. Gharama: karatasi moja.

4 Machi 2024: ombi la pili

Limekwenda HRC tena. Mpangilio: barua ya ukurasa mmoja, DD 214 Member-4, jedwali, DD 2796, barua ya kamanda, tamko la mwenza, tathmini inayotaja Tampa. Kila kiambatisho kina herufi pembeni, na barua inataja herufi hizo. Hati za mshahara hazimo.

Barua inaomba vitu viwili tu. Kisanduku cha 13: ondoa GWOT-EM, weka ICM yenye nyota mbili. Kisanduku cha 18: ongeza Iraki. Nyota mbili zinatoka kwenye vipindi vya kampeni: kimoja kiliisha 9 Januari 2007, kingine kikaanza 10 Januari 2007 hadi 31 Desemba 2008. Misafara yake iko pande zote mbili za tarehe hiyo. Usiposema idadi ya nyota unaweza kupewa medali tupu na kuanza kuandika upya.

CAB imekwenda siku hiyohiyo katika bahasha yake: maelezo ya tukio ya ukurasa mmoja na matamko mawili ya walioona.

12 Agosti 2024: DD 215 imefika, CAB imekataliwa

Usitarajie DD 214 mpya. Marekebisho huja kwenye fomu DD 215, ukurasa mmoja unaosema kisanduku gani kinasomeka vipi sasa. ICM ipo, nyota mbili zipo, Iraki ipo. Kuanzia leo DD 214 haitolewi popote bila DD 215 nyuma yake. Tumezibana pamoja na kuskani kama faili moja la PDF ili zisiachane.

CAB imekataliwa kwa sababu mashahidi hawakubaliani juu ya tarehe. Mmoja anasema Februari, mwingine Machi. Kwa kweli wanakubaliana. Tamko lililoandikwa hapa lilisema 03/02/2007, kwa maana yetu tarehe tatu Februari. Mmarekani husoma mwezi kwanza: Machi mbili. Tamko la mwenza liliandika mwezi kwa herufi, Februari. Kwa msomaji wa kule, hayo ni matukio mawili tofauti.

Dawa ni ya kijeshi na iko kwenye fomu zao zenyewe: mwaka, mwezi, siku, tarakimu nane bila alama, 20070203. Tumepitia kila karatasi tuliyoandika sisi. Jedwali la siku lilinusurika kwa sababu lilifuata daftari la kamanda tangu mwanzo.

30 Septemba 2024: DD 149

Barua ya HRC ilisema hatua inayofuata kwa CAB ni bodi ya kurekebisha rekodi za jeshi, ABCMR, Arlington, Virginia. Ofisi za chini lazima ziwe zimemalizwa kwanza, na barua ya kukataliwa ndiyo uthibitisho wa hilo. Imeambatishwa.

Fomu ni DD 149. Ukiifungua kwenye simu au ndani ya kivinjari utaona ukurasa mmoja unaokuambia usubiri, na utasubiri hadi jua lizame Likoni. Fomu nyingi za wizara yao ya ulinzi zinataka Adobe Reader kwenye kompyuta: pakua kwanza, kisha fungua kutoka ndani ya programu. Tuliituma mtandaoni, kupitia ukurasa wa maombi wa bodi, ACTSOnline. Haina ada.

Kisanduku kinachowatisha watu ni cha muda. Sheria, 10 U.S.C. 1552, inatoa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, na mwenye faili aliacha jeshi 2009. Bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, lakini lazima uombe na utoe sababu. Aya yetu ni fupi: ushahidi wa tukio ulipatikana Januari 2024, na maombi ya ngazi ya chini yalijibiwa Agosti 2024. Kulalamika hakumo.

Bodi haiendi kutafuta ushahidi kwa niaba yako, na huanza kwa kudhani kwamba rekodi ya jeshi ni sahihi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Maamuzi ya zamani yamewekwa wazi mtandaoni, majina yakiwa yamefutwa, na tulisoma yale ya madereva kabla ya kuandika. Wanaoshindwa kwa kawaida wana hadithi nzuri na shahidi mmoja. Matamko yetu mawili yamesainiwa upya, tarehe zikiwa za tarakimu nane, na kamanda ameongeza kurasa za daftari za siku hiyo.

Kwa nini kuhangaika na beji? ICM inasema alikuwepo. CAB inasema alishambuliwa, na VA huikubali kama ushahidi wa tukio la vita kwenye madai ya maradhi ya akili yatokanayo na mapambano. Kwa huyu mwenye faili, hilo ni kubwa kuliko kifua kilichopambwa.

Jumla ya fedha mpaka leo ni Sh 9,640, nyingi zikiwa EMS na ile hati ya wakili. Kuna madalali mtandaoni wanaodai mamia ya dola kwa kazi hii. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV huwakilisha watu bure, hata mtu aliye Mombasa.

18 Novemba 2024: yaliyo wazi

Bodi imetoa namba ya faili. Sheria inaitaka imalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na lolote lisizidi 18. Kabla ya uamuzi, bodi inaweza kuomba maoni ya ofisi nyingine ya jeshi. Maoni hayo hutumwa kwa mwombaji naye hupewa muda wa kujibu. Barua ya aina hiyo ikipotea kwenye sanduku la posta la jirani, nafasi imekwenda. Kwa hiyo anwani iliyoandikwa ni ya shemeji yake Minnesota, na barua pepe inaangaliwa kila Jumatatu. Ukitaka kupiga simu Arlington, saa mbili asubuhi ya kule ni saa tisa alasiri yetu majira yao ya joto, saa kumi majira ya baridi.

Medali zenyewe, za chuma, ni ombi jingine tena: SF 180 mpya kwenda St. Louis, DD 215 ikiwa imeambatishwa. Wao huthibitisha haki kisha ghala la jeshi hutoa. Seti ya kwanza ni bure. Tumeishikilia isitumwe mpaka bodi ijibu, ili ICM na CAB, ikikubaliwa, ziombwe kwa fomu moja. DD 215 imeshapelekwa VA.